NGUO ZA MTOTO ZISIZOMTOSHA TENA
Jinsi ya kuzitoa kwa wakati ili ziwafae wengine

Kila mzazi ajua ya kuwa mtoto mchanga hukua upesi kuliko nguo zake zinavyochakaa. Nchini Uingereza nguo za watoto wasiotimiza mwaka mmoja huuzwa kwa vipimo vya miezi: hadi miezi 3, kisha 3 hadi 6, kisha 6 hadi 9, na kuendelea. Huenda basi vazi likavaliwa majuma machache tu, likawa dogo lingali kama jipya. Likifungiwa sandukuni halimfai mtu. Likitolewa kwa utaratibu mwema laweza kumvika mtoto mwingine, tena likaleta fedha za kuwasaidia wenye shida. Kwa ajili hiyo watu wengi wa nchi ile hupeleka nguo hizo katika maduka ya hisani.

MADUKA HAYA NI YA NAMNA GANI

Duka la hisani ni duka la chama cha kuwasaidia watu. Vitu vingi vinavyouzwa humo vimetolewa bure na wananchi, na wengi wa wanaohudumu hawapokei mshahara. Faida hutumiwa kwa kazi ya chama, mathalani kuchunguza maradhi au kuwalisha wenye njaa. Chama kimoja mashuhuri ni Oxfam, kilichoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942 kwa sababu ya njaa iliyowapata watu wa Ugiriki wakati wa vita. Duka lake la Broad Street, mjini humo, lilifunguliwa miaka michache baada ya vita.

Wakati wa vita vile vile wazazi wa Uingereza walijifunza thamani ya nguo za watoto. Tangu Juni 1941 hadi Machi 1949 nguo ziligawanywa kwa kuponi, na mwenye fedha bila kuponi hakuweza kununua. Chama cha wanawake wa kujitolea, WVS, kilifungua vituo vya kubadilishana nguo za watoto. Mama alileta vazi safi lililombana mwanawe, akahesabiwa pointi, na kwa pointi hizo akachukua vazi kubwa zaidi. Hivyo aliyechukua alikuwa pia ameleta.

MAJIRA YA KUTOA

Jambo ambalo wengi hulisahau ni majira. Uingereza baridi kali huwa Desemba hadi Februari, na joto huwa Juni hadi Agosti. Maduka mengi ya hisani ni madogo, na hayana ghala. Koti zito likiletwa mwezi wa Juni halipati mnunuzi, nalo huchukua nafasi ya nguo nyepesi zinazotafutwa siku hizo. Haifai pia kuwaza kwamba mtoto atalivaa tena mwaka ujao, kwa maana koti lililomtosha Januari huenda lisimwingie mikononi Januari ifuatayo.

Basi mzazi mwangalifu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hulitoa koti mara limbanapo mtoto, baridi ingalipo, au hulifua, hulikausha vizuri, hulihifadhi, na kulipeleka mwezi wa Septemba. Asiye na mahali pa kuhifadhi yafaa aliulize duka kwanza kama laweza kulipokea.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA

1. Nguo ifuliwe na kukauka kabisa. Nguo moja yenye unyevu hutia ukungu mfuko mzima.

2. Vifungo na zipu vitazamwe. Kifungo kinacholegea chaweza kummeza pumzi mtoto anayetia kila kitu kinywani; basi kishonwe imara.

3. Tangu mwaka 1976 sheria ya Uingereza imekataza kuuza makoti ya watoto wadogo ambayo kofia yake hukazwa kwa kamba, kwa sababu kamba hiyo yaweza kunaswa mahali na kumnyonga mtoto.

4. Nguo za kulalia za watoto zina sheria zake juu ya hatari ya moto. Lebo yake isikatwe, ili duka lijue ni nguo ya namna gani.

5. Anayelipa kodi huko aweza kutia sahihi karatasi ya mpango wa Gift Aid. Nguo zake zikiuzwa, serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni iliyopatikana.

ZISIZOUZWA HUENDA WAPI

Nguo nyingi zinazokosa mnunuzi dukani huuzwa kwa uzito kwa wafanya biashara. Nyingine hugeuzwa matambara, na nyingine hufungwa marobota na kupelekwa nchi za mbali, Kenya ikiwa mojawapo. Hizo ndizo mitumba zipitiazo bandari ya Mombasa hadi soko la Gikomba, Nairobi. Mara nyingi mwenye kibanda hununua robota bila kuona yaliyomo. Akilifungua na kukuta nguo zenye madoa na zilizoraruka, hasara ni yake, na takataka ni za mji wake. Hivyo uzembe wa mtu aliyejaza mfuko Uingereza hulipwa na mwingine asiyemjua.

Hata nguo nzima yaweza kukosa pahali pake. Koti la sufu halina kazi Mombasa, lakini Limuru na Nyahururu baridi huja Juni hadi Agosti, wakati ule ule wa joto Uingereza.

FUNZO KWA KILA NYUMBA

Kanuni hii yamfaa pia mzazi wa Kenya anayetaka kumpa jirani, au kuzisaidia nyumba za watoto yatima. Sweta iliyotolewa Mei humkinga mtoto na baridi ya Julai. Ikitolewa Septemba, mtoto ameshatetemeka. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo uonekane pia katika kufua, kushona na kukumbuka majira, ili atakayepokea apate nguo anayoweza kumvika mwanawe siku ile ile.