Mionzi Inayotafuta Ugonjwa: Somo Juu ya Saratani ya Tezi Dume

Wenzangu wanafunzi, na ninyi kaka zetu mliotutangulia katika madawati haya, neno nyuklia likitajwa wengi wetu hufikiri kwanza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Tena sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa si mbali na sisi, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Lakini tusisahau kwamba mawe ya mgodi huo huo yalikuwa yamekwisha kuwatibu watu kabla ya vita. Tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilikuwa kikitoa radiamu katika mawe hayo, na radiamu ikapelekwa mahospitalini kuchoma saratani. Nguvu ni moja. Matumizi ndiyo mawili.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi nguvu hiyo inavyotumika siku hizi kutafuta na kutibu saratani ya tezi dume. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, hakuna saratani inayowapata wanaume wengi kuliko hii. Pili, ni ugonjwa ambao wanaume huuonea haya, na haya hiyo huwaua.

Tezi dume ni nini? Ni tezi ndogo, kama ndimu changa, iliyo chini ya kibofu cha mkojo, nayo huzunguka njia ya mkojo. Kazi yake ni kutoa maji yanayochukua mbegu za uzazi. Mtu akizeeka, tezi hii mara nyingi hukua, na mkojo hutoka kwa shida. Kukua huko si lazima iwe saratani. Na saratani yenyewe, ikianza, mara nyingi haina dalili yo yote. Hapo ndipo penye hatari. Huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ikahamia katika mifupa, hasa ya mgongo na nyonga.

Mjomba wangu mmoja, hapa Kigali, aliumwa mgongo muda wa mwaka mzima. Alisema, "Ni uzee tu," akawa ananunua vidonge vya maumivu na kujipaka dawa. Alipopimwa hatimaye, saratani ilikuwa imekwisha kuingia mifupani. Sasa yu katika matibabu, naye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa niandike habari hii ili wengine wasikawie.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Zamani mganga aliweza kujua hali ya ndani ya mwili kwa kupapasa, kusikiliza au kupasua. Picha za eksirei, zilizovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, zilimwonyesha umbo la mfupa. Lakini umbo peke yake halisemi yote. Jicho huona nyumba, wala halijui kama ndani mna mtu. Dawa ya nyuklia hutaka kujua mambo yanayotendeka ndani ya nyumba.

Njia yake ilionyeshwa na mwanakemia George de Hevesy. Mwaka 1923 aliweka risasi yenye mionzi katika maji ya mimea ya jamii ya maharagwe, kisha akapima mionzi katika mizizi, shina na majani. Hivyo aliweza kufuata njia ya risasi ndani ya mmea. Mmea haukutofautisha risasi yenye mionzi na risasi ya kawaida, lakini chombo cha kupimia kilitofautisha. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943. Madaktari nao hufanya vivyo hivyo: humpa mgonjwa kitu kidogo chenye mionzi, kisha kwa kamera hutazama kimekwenda wapi.

Kutafuta saratani iliyoingia mifupani, kwa muda mrefu wametumia teknesiamu-99m iliyofungwa katika dawa ipendayo mfupa. Mahali mfupa unapojengwa upya kwa haraka, dawa hukusanyika, na picha huonyesha doa. Lakini mfupa uliovunjika hujengwa upya pia, na hata ugonjwa wa viungo huweza kutoa doa. Kwa hiyo ilitafutwa alama iliyo ya saratani hii zaidi.

Alama hiyo ni protini iitwayo kwa herufi PSMA, iliyo juu ya ngozi ya seli za tezi dume. Seli za saratani huwa nayo nyingi mno kuliko seli za kawaida. Tuifananishe na kufuli lililo mlangoni. Wanakemia wametengeneza kitu kidogo kinachoingia katika kufuli hilo kama ufunguo. Kisha katika ufunguo huo hufungwa mzigo.

Kama nia ni kuona, mzigo huwa galiamu-68. Atomu hii hutoa chembe iitwayo positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutoka miali miwili ya gama inayokwenda pande mbili zilizo kinyume. Mgonjwa hulala katikati ya kamera ya umbo la pete. Miali miwili ikipiga pete kwa wakati mmoja, mashine hujua kwamba chanzo chake kiko juu ya mstari unaounganisha sehemu hizo mbili. Mistari mingi ikikutana, picha ya saratani hutokea.

Kama nia ni kutibu, ufunguo hupewa mzigo mwingine: lutesiamu-177. Hii hutoa mionzi ya beta, ambayo ndani ya mwili haiendi zaidi ya milimita 2 hivi. Basi huipiga seli yenye kufuli na jirani zake wa karibu, lakini sehemu za mbali husalimika kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana picha hutangulia tiba. Mgonjwa ambaye saratani yake haionekani katika picha, ufunguo hauna mlango wa kufungua, na tiba hiyo haimfai.

Tusidanganyane kwamba ni muujiza. Matokeo ya majaribio makubwa ya tiba hii yalitangazwa mwaka 2021. Wagonjwa walikuwa 831, wote ugonjwa wao umeenea na umeshinda dawa nyingine. Waliopewa lutesiamu pamoja na matunzo ya kawaida waliishi miezi 15.3, na waliopata matunzo ya kawaida peke yake miezi 11.3, kwa hesabu ya mtu wa katikati. Tofauti ni miezi 4. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Tena ina madhara: uchovu, damu kupungua, na kinywa kukauka, kwa sababu tezi za mate nazo hupokea dawa hii.

Iko na radiamu-223, ndugu wa ile radiamu ya Katanga. Radiamu hufanana na kalisi, hivyo mwili huipeleka mifupani wenyewe bila ufunguo. Hutoa mionzi ya alfa, ambayo safari yake haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2013. Na hapa Afrika, katika mji wa Pretoria, Profesa Mike Sathekge na wenzake walitangaza mwaka 2019 habari za wagonjwa 17 waliotibiwa kwa ufunguo wa PSMA uliobeba aktiniamu-225, ambayo nayo hutoa alfa. Elimu hii, basi, si ya Wazungu peke yao.

Je, sisi hapa Rwanda tumefika wapi? Mwaka 2012 kilifunguliwa kituo cha saratani cha Butaro, wilaya ya Burera. Tangu mwaka 2019, hospitali ya jeshi iliyo Kanombe, hapa Kigali, imekuwa ikitibu kwa mashine za mionzi inayopigwa kutoka nje ya mwili. Kabla ya hapo wagonjwa walihitaji kusafiri nchi za nje. Hatari ya kutegemea safari ilionekana mwaka 2016, mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, ilipoharibika. Mashine nyingine ilizinduliwa mwaka 2018. Kwa picha za positroni, Nairobi imetangulia, katika hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Msomaji atauliza, "Kwa nini tusinunue dawa yenye mionzi huko na kuileta kwa ndege?" Jibu ni nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya atomu zenye mionzi huwa zimekwisha kubadilika. Nusu-uhai wa galiamu-68 ni dakika 68. Dawa ikichukua dakika 204 kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, nusu-uhai tatu zimepita, na iliyobaki ni sehemu moja tu ya nane. Hata florini-18, yenye dakika 110, baada ya saa 3 na dakika 40 hubaki robo.

Lakini maarifa ni mali. Galiamu-68 huzaliwa na germaniamu-68, ambayo nusu-uhai wake ni siku 271. Hospitali yaweza kuweka germaniamu katika chombo chake na kukamua galiamu kila siku, na hata wanasayansi wa Ulaya hukiita chombo cha namna hii ng'ombe. Mnyarwanda hana haja ya kuelezwa faida ya kuwa na ng'ombe nyumbani badala ya kungoja maziwa ya jirani.

Nalo lutesiamu, kwa kuwa nusu-uhai wake ni siku 6.6 hivi, laweza kusafiri. Mwenye kupenda hesabu na ajaribu hii: likikaa njiani na ghalani siku 20, litabaki kiasi gani?

Wenzangu, ng'ombe huyo hakamuliwi na mtu asiyejua. Panatakiwa mwanafizikia wa kupima, mwanakemia wa kufunga mzigo katika ufunguo, fundi wa kamera, na daktari wa kusoma picha. Mashine zaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja, lakini watu hao hufundishwa miaka mingi, nao huanzia katika daftari la darasani. Tukiikimbia fizikia kwa sababu ni ngumu, tutaendelea kuwasafirisha wagonjwa wetu.

Nanyi kaka zetu na baba zetu, yafaa mwanamume azungumze na daktari afikapo miaka 50, na mapema zaidi, kama miaka 45, ikiwa baba au ndugu yake aliupata ugonjwa huu. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Kikipanda si lazima iwe saratani, kwa hiyo msiogope, lakini msikipuuze. Saratani hii haiambukizi, wala si aibu. Ikigunduliwa ingali ndani ya tezi, mara nyingi hupona kwa upasuaji au kwa mionzi ya kutoka nje, wala hapatakuwa na haja ya kuifuata mifupani kwa ufunguo.