Uwanja Mdogo Nyuma ya Nyumba? Pima Kwanza, Ndipo Umtumie Fundi Pesa

Umeweka akiba miezi kadhaa. Kila jioni unaangalia ile nafasi iliyo kati ya mlango wa jikoni na ukuta wa ploti, na tayari unaona viti, chupa ya chai, na watoto wakicheza mahali unapowaona. Fundi anakuja, anatupa jicho mara moja, kisha anasema: "Hii ni kazi ndogo. Nitumie elfu ishirini ninunue mbao, kesho naanza."

Simu iko mkononi. Ngoja kidogo kabla hujaweka PIN.

Somo letu la leo ni kuhusu deki. Si ile ya kupiga na maji na sabuni, la! Tunasema sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, pale nyuma ya nyumba, watu wakae. Tumeichagua kwa sababu ni mradi ambao wengi wetu hulipia kwa simu, leo elfu mbili, kesho elfu tatu, hadi siku unapojumlisha ndipo unashtuka. Tena ukikosewa unapoteza mara mbili: pesa imeenda, na uwanja unaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa.

Neno tunalotaka ubaki nalo ni moja: pima, ndipo ulipe. Kupima ndiko kunakofanya deki ndogo ionekane kubwa, na ndiko kunakolinda pesa yako.

Anza na kamba

Tuchukue mfano. Ploti ni futi 40 kwa 80. Nyumba ikishasimama na gari likipata mahali mbele, nyuma umebakiwa na kipande cha futi 20 kwa urefu wa nyumba, na futi 14 kutoka nyumbani hadi ukuta wa mpaka. Ukikifunika chote kwa mbao, utakuwa umejenga sanduku. Tujaribu deki ya futi 12 kwa 8.

Chukua vigingi vinne na kamba, uchore mstatili huo chini. Sasa toa viti na meza ya nyumbani uviweke ndani ya kamba. Keti. Mwambie mtu apite nyuma yako na sufuria mkononi. Kiti kilichovutwa nyuma kikiwa na mtu kinataka kama futi 3 kutoka ukingo wa meza. Meza ya futi 2 na nusu yenye viti pande zote mbili itakula futi 8 na nusu, kwa hivyo haitatosha. Lakini ukiweka benchi la futi 1 na nusu upande mmoja, meza, halafu viti upande wa pili, jumla ni futi 7. Umebaki na futi moja na bado hujatumia hata shilingi.

Iache kamba pale siku mbili tatu. Utagundua mambo ambayo fundi hangekuambia: kwamba njia ya kwenda kuanika nguo inapita katikati, kwamba maji ya paa yanaangukia pale pale, au kwamba kifuniko cha shimo la maji taka kimo ndani ya mstatili wako. Hilo la mwisho ni kubwa. Kifuniko hicho kisipofikika, siku bomba litakapoziba utavunja deki uliyoilipia. Sogeza kamba, au panga kipande cha sakafu kinachofunguka kwa skrubu.

Na kama wewe ni mpangaji, mpigie mwenye nyumba kwanza. Akikubali, mwombe akuandikie hata kwa ujumbe mfupi.

Mambo sita yanayofanya macho yaone nafasi

1. *Usawa wa sakafu.* Deki ikikaribia usawa wa sakafu ya ndani, mlango ukifunguliwa jikoni na deki huonekana kama chumba kimoja. Ishushe inchi moja au mbili tu chini ya kizingiti ili mvua isiingie ndani. Acha pia upenyo wa nusu inchi kati ya mbao na ukuta wa nyumba, maji yasikwame hapo.

2. *Mwelekeo wa mbao.* Jicho hufuata mistari. Laza mbao zifuate upande mrefu, hapa ni zile futi 12, na ukisimama mlangoni uwanja utaonekana mpana. Kuzilaza mshazari pia kunapendeza, lakini kila pembe inakatwa na vipande vinatupwa. Hivyo vipande umevilipia.

3. *Ukingo ulio wazi.* Kizuizi cha mbao nene pembeni hugeuza deki ndogo kuwa zizi. Deki ikiwa chini ya futi 1 na nusu, weka ngazi moja ndefu inayotembea ukingo mzima. Siku ya kawaida ni ngazi, siku ya wageni ni kiti. Lakini kama kuna mtoto anayeanza kutembea au mzee asiyeona vizuri, weka kizuizi chembamba unachoweza kuona kupitia. Usalama usiupunguzie bei.

4. *Viti vya kujengea.* Hili wazee wa Pwani walilijua zamani. Ukitembea Mji Mkongwe wa Lamu, vichochoro ni vyembamba, lakini penye milango ya nyumba kuna mabaraza ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta. Watu wanaketi, na katikati panabaki wazi. Fanya hivyo kwa mbao: benchi la kimo cha inchi 18 kando ya ukuta, na chini yake nafasi ya kuweka makaa, viatu vya bustani au mtungi wa maji. Viti vinne vya plastiki umeshavitoa njiani.

5. *Ukuta wa mbele yako.* Ukiketi, kitu unachokiona zaidi ni ukuta wa mpaka. Upake rangi nyepesi, kisha panda kitu kimoja kinachopanda juu, kwa mfano pasheni au bogenvilia. Mikebe kumi na miwili ya maua sakafuni inapendeza ikiwa dukani. Kwako itakula mahali pa kukanyaga.

6. *Taa mwisho wa uwanja.* Taa moja kali juu ya mlango hukuonyesha deki tu, na kwingine kote ni giza. Weka taa ndogo ya sola pale ukutani mwisho. Usiku jicho litafika mpaka huko.

Na zile futi 6 zilizobaki hadi ukutani? Ziache. Nyasi, kokoto, au kamba ya nguo inayofungwa na kufunguliwa. Nafasi uliyoiacha ndiyo inayofanya ile uliyojenga ionekane imepumua.

Hesabu ya mbao: dakika kumi tu

Mbao huuzwa kwa futi, na hapa ndipo "elfu ishirini ninunue mbao" inapopata jibu. Chukua kalamu.

*Sakafu.* Ubao wa 6 kwa 1 ukishapigwa randa hubaki na upana wa karibu inchi 5 na nusu. Ongeza robo inchi ya mwanya wa kupitisha maji, unapata inchi 5.75. Upana wa deki ni futi 8, yaani inchi 96. Gawanya 96 kwa 5.75, unapata 16.7. Hiyo ni mistari 17. Kila mmoja una futi 12, jumla futi 204. Ongeza sehemu moja kwa kumi kwa ajili ya kukata na mbao zenye kasoro: kama futi 225.

*Boriti za chini ya sakafu.* Tumia 4 kwa 2, kila inchi 16. Futi 12 ni inchi 144, ukigawanya kwa 16 ni nafasi 9, kwa hivyo boriti 10. Kila moja futi 8. Jumla futi 80.

*Mihimili inayobeba boriti.* Mitatu ya 6 kwa 2, kila mmoja futi 12. Jumla futi 36.

*Nguzo fupi.* Nne chini ya kila mhimili, yaani 12.

Ngazi na benchi vipigie hesabu yake kando. Sasa piga simu au pita yadi tatu za mbao na uulize bei ya futi. Tofauti ya shilingi 5 tu kwa futi kwenye sakafu peke yake ni shilingi 1,125. Uliza pia kama ni saipras au paini, kama imetiwa dawa, na kama imekauka. Ubao mbichi hunywea na kujipinda ukishapigiliwa, na mwanya wako wa robo inchi unakuwa wa kumeza kijiko.

Chini ya mbao ndiko pesa hupotelea

Mgeni ataona sakafu. Mchwa wataona nguzo. Nguzo ikizikwa moja kwa moja kwenye udongo, wataipata. Iinue juu ya zege, na zege lenyewe litokeze juu ya udongo.

Angalia pia umekaa juu ya nini. Sehemu nyingi za Kitengela na Athi River zina ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Msingi mfupi juu ya udongo huo huinuka na kushuka, na deki inapinda pamoja nao. Chimba hadi ufikie chini imara, kisha ndipo umwage zege. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa usivichome jikoni wala kwenye choma ya Jumapili, kwa sababu moshi wake una sumu.

Kuna faida nyingine hapa kwa mfuko wako. Misingi inaweza kujengwa mwezi huu, zege likapata muda wa kushika vizuri, huku ukiendelea kuweka akiba ya mbao. Mbao zenyewe ni afadhali uzinunue kwa mkupuo mmoja kazi ikiwa karibu, kwa sababu zikikaa juani wiki nyingi zinajikunja.

Sasa tulipe, hatua kwa hatua

*Vifaa lipia dukani mwenyewe.* Tumia nambari ya till ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka lina jina lake na kwenye simu umeona jina la mtu usiyemjua, simama uulize. Fundi anaweza kukusaidia kuchagua mbao, lakini pesa ya mbao haina haja ya kupitia kwake.

*Kazi ilipwe kwa vipande vinavyoonekana.* Tuseme mmekubaliana shilingi 15,000 za kazi. Lipa 4,500 misingi ikiwa imesimama na umeipima kwa kamba. Lipa 6,000 mihimili na boriti zikiwa sawasawa. Weka 4,500 za mwisho hadi utakapomwaga ndoo ya maji juu ya sakafu na kuona yanapita kwenye mianya bila kutuama. Fundi mzuri hatakataa mpango huu, maana na yeye anajua siku ya kulipwa. Anayetaka zote mwanzo ndiye anayeweza kuingia mitini.

*Semeni mapema kuhusu ada.* Ile "tuma na ya kutoa" husikika ndogo, lakini ukituma mara kumi inakuwa kitu. Malipo matatu yaliyopangwa yana ada chache kuliko kumi na tano ya haraka haraka.

*Hifadhi ujumbe wa kila malipo.* Usiufute. Mwandikie fundi ujumbe siku hiyo hiyo: "Nimelipa 6,000, ya boriti, imebaki 4,500." Siku mkibishana, nambari ya muamala na ujumbe huo vitasema.

*Ukikosea nambari,* usipoteze saa nzima ukimsihi mtu usiyemjua. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja ukiwa na nambari ya muamala. Na mtu yeyote akikupigia akisema ni sisi na anahitaji PIN yako ili kurudisha pesa, kata simu. Hatuulizi PIN. Kamwe.

Zoezi la wikendi hii

Hata kama huna pesa ya deki sasa, toka nje na kamba. Chora mstatili wako, keti ndani, kunywa chai. Andika vipimo kwenye simu, piga ile hesabu ya futi, kisha weka kiasi hicho kama lengo lako la akiba. Ukijua unahitaji futi 225 za sakafu, elfu moja ya wiki hii haiitwi tena "pesa ya deki". Ina jina: ni mistari kadhaa ya mbao.

Na fundi akirudi kusema nitumie elfu ishirini, utakuwa na swali la kumuuliza: za futi ngapi?