Tuujue Mdalasini Tunaoutumia

Katika kikundi kimoja tulichotembelea tulikaribishwa chai ya mdalasini, na tulikunywa mpaka birika likaisha. Hapo mama mmoja mwenye ugonjwa wa sukari akatuambia kwamba siku hizi hamezi tena tembe alizopewa kliniki. Kila asubuhi hukoroga vijiko viwili vya unga wa mdalasini katika maji moto, kwa kuwa aliambiwa unashusha sukari. Wenzake wakauliza: na sisi tufanye hivyo? Somo hili ndilo jibu letu kwao.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mdalasini ni gome la mti. Mkulima hukata matawi machanga, huparua ngozi ya juu, kisha hubandua gome la ndani, nalo likikauka hujikunja lenyewe. Lakini miti yenyewe si wa aina moja. Msomaji wa Biblia akifungua Kutoka sura ya 30 atakuta mdalasini na kida vimetajwa mbalimbali, kila kimoja na kipimo chake. Hata watu wa zamani walijua kwamba ni vitu viwili.

Mdalasini wenyewe asili yake ni Sri Lanka, na ndio unaolimwa Unguja, Pemba na Muheza kule Tanga. Kida hutoka China, Indonesia na Vietnam. Dukani vyote huitwa mdalasini tu, na mwenye duka mara nyingi hajui alichonacho. Basi tazama kijiti. Mdalasini wenyewe ni magome mengi membamba kama karatasi, yamekunjwa moja ndani ya jingine, rangi yake ya kahawia haikukolea, na ukiuminya kwa vidole unavunjika. Kida ni gome moja nene, gumu kama kuni, lenye wekundu uliokolea, na kingo zake mbili hujikunja zikaelekeana. Harufu yake ni kali zaidi na bei yake huwa nafuu. Vikishasagwa, macho hayawezi tena kuvitenganisha.

Kwa nini tusumbuke na tofauti hiyo? Ndani ya kida mna kitu kiitwacho kumarini, ambacho kikizidi mwilini kwa siku nyingi huweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Katika mdalasini wenyewe kimo kidogo mno. Wataalamu wa serikali ya Ujerumani wanaopima usalama wa chakula walisema mtu mzima wa kilo 60 asipitishe gramu 2 za kida kwa siku, kila siku. Hicho hakifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Mtoto wa kilo 15 ni nusu gramu tu. Sasa pima vijiko viwili vya yule mama! Kipande ndani ya sufuria ya pilau au chai ya nyumba nzima hakina neno, endeleeni kupika.

Na habari ya kushusha sukari? Haikutoka hewani. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 wa Pakistan, na wale kati yao waliotumia kida kwa siku 40 sukari yao ilishuka. Watu wengi walifurahi. Lakini mwaka 2012 wataalamu waliweka pamoja majaribio 10 yenye wagonjwa 577, wakaona hayatoshi kuonyesha kwamba mdalasini unatibu sukari. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kunywa chai yake yenye mdalasini (bila sukari, jamani), lakini tembe au sindano asiache. Sukari ikipanda bila mtu kujua huharibu macho, figo na mishipa ya miguu polepole, na siku unapoona dalili huwa umechelewa. Anayetaka kutumia unga mwingi amwambie kwanza daktari, hasa kama ini lake lina shida. Yule mama tulimsindikiza kliniki wiki iliyofuata. Sukari yake ilikuwa juu sana, akarudishiwa tembe zake.

Jambo jingine linawahusu mnaofunga chai masala kwa ajili ya kuuza. Mwaka 2023 huko Marekani mamia ya watu, wengi wao watoto wadogo, walipatikana na sumu ya madini ya risasi baada ya kula matofaa yaliyopondwa na kutiwa unga wa mdalasini. Sumu ilikuwa katika unga huo. Nunueni vijiti, mvikague, msage wenyewe. Kazi ni zaidi, lakini mtajua mnamuuzia jirani kitu gani.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete kijiti cha mdalasini kutoka duka analonunulia. Viwekeni mezani, mvivunje, mvinuse, kisha mjibu pamoja: Ni vingapi ni kida? Je, kuna mwenzetu aliyeacha dawa kwa sababu ya kitu alichosikia? Nani atamsindikiza kliniki, na siku gani?