SOMO LETU: BEI YA MAZIWA HUPANGWA NA NANI?



Mshahara haupimwi kwa faranga peke yake. Hupimwa kwa vitu ambavyo faranga hizo zinaweza kununua. Ndiyo maana leo tunajifunza juu ya maziwa, na juu ya sheria ambazo serikali huweka katika biashara yake.

Mfanyakazi wa kiwandani anayekaa Bwiza hununua maziwa ya watoto wake, na hutaka bei ishuke. Mchuma chai wa Teza, Rwegura au Ijenda, kama ana ng'ombe nyumbani, huuza maziwa ili alipe karo na dawa, na hutaka bei ipande. Wote wawili ni wafanyakazi wenzetu. Tusipoelewa jambo hili vizuri, watagombana wao kwa wao, na mwingine atafaidi.

1. SAFARI YA MAZIWA

Mahindi huwekwa ghalani hadi bei iwe nzuri. Maziwa hayawezi kungoja. Yakikaa kwenye joto huanza kuharibika baada ya saa chache tu. Yakipozwa hadi nyuzi 4 hukaa siku moja au mbili.

Maziwa ya Mugamba hushuka milimani hadi Bujumbura. Kati ya ng'ombe na kikombe kuna mfugaji, kuna mbebaji, kuna mwenye gari, kuna mwenye mtambo wa baridi, na kuna muuza duka. Kila mmoja hukata chake. Wakati wa mvua majani ni mengi, maziwa ni mengi, na bei kwa mfugaji huanguka. Kiangazi, toka Juni hadi Septemba, majani hukauka na maziwa hupungua. Hapo mnunuzi wa mjini ndiye anayeumia.

2. KWA NINI SERIKALI HUINGIA

Sababu ya kwanza ni afya. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa brusela. Kiwandani huuawa vijidudu kwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani tunayachemsha mpaka yafure.

Sababu ya pili ni udanganyifu. Lita moja ya maji ina gramu 1,000, lakini lita ya maziwa halisi ina gramu 1,030 hivi. Kwa hiyo kipimo kidogo cha kuelea huonyesha kama maziwa yametiwa maji.

Sababu ya tatu ni bei na ushuru. Hapo ndipo mvutano mkubwa ulipo.

3. TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za darasa tu, si za soko la leo. Tuseme serikali imeamuru lita moja isiuzwe mjini zaidi ya faranga 1,000. Mfugaji anapata 500, usafiri 250, kupoza 100, duka 150. Jumla ni 1,000.

Sasa mafuta ya gari yakosekane, kama yalivyotusumbua miaka ya karibuni, na usafiri ufike 500. Bei ya mjini hairuhusiwi kupanda. Zile 250 zilizoongezeka zitatoka wapi? Ama mfugaji atalipwa 250 badala ya 500, ama maji yatatiwa kwenye maziwa, ama maziwa yatauzwa kwa siri kwa bei kubwa. Amri ya bei isiyogusa barabara, mafuta na mtambo wa baridi huhamisha mzigo tu, na mzigo humwangukia aliye dhaifu.

Je, basi tuache kila mtu ajipangie? Hapana. Wakati wa mvua mwenye gari atamwambia mfugaji: "Leo nanunua kwa 200." Mfugaji atakubali, kwa maana ifikapo jioni maziwa yake yatakuwa yameharibika. Lakini Bwiza lita itabaki ileile 1,000. Uhuru wa aina hiyo ni wa mwenye gari.

4. MAFUNZO YA MAJIRANI

Kenya ilianza zamani. Shirika la KCC lilianzishwa mwaka 1925 na walowezi, na Bodi ya Maziwa ikawekwa kwa sheria ya mwaka 1958. Kwa miaka mingi KCC ndiyo iliyotawala soko la mijini. Mwaka 1992 serikali ilifungua soko na kuacha kupanga bei. KCC ilidhoofika, wakulima wakacheleweshewa malipo yao, na mwaka 2003 serikali ikalirudisha shirika mikononi mwake kwa jina la New KCC.

Wakati huo wote wachuuzi wadogo waliendelea kuuza maziwa mabichi, na walikuwa wakifukuzwa. Kuanzia mwaka 2004 Kenya ilijaribu njia nyingine: kuwafundisha usafi, kuwapimia na kuwapa leseni. Mwaka 2019 ulitolewa mpango wa kanuni kali zaidi za maziwa mabichi. Wakulima na wachuuzi walipiga kelele, na serikali ikaurudisha nyuma. Hapo tunajifunza kwamba kanuni inaweza kubadilika kama wanaoguswa nayo wanasema pamoja.

Rwanda nayo ilitoa amri ya waziri mwaka 2016, kwamba maziwa yapitie vituo vya kukusanyia na kupimiwa, na yabebwe katika vyombo vya chuma badala ya bidoni za plastiki. Kwa afya ni jambo jema, maana plastiki ikikwaruzika uchafu hujificha humo. Lakini chombo cha chuma ni ghali. Nani ananunua? Swali hilo ndilo la mfanyakazi.

Tena kuna mipaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza ushuru wa pamoja mwaka 2005, maziwa yanayotoka nje ya Jumuiya yaliwekewa ushuru wa asilimia 60, ili kuwalinda wafugaji wetu. Burundi iliingia Jumuiya mwaka 2007. Hata hivyo, wenyewe kwa wenyewe tunagombana: mwaka 2020 Kenya ilikamata maziwa ya Uganda, na Machi 2023 ikasimamisha kuingiza maziwa ya unga. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Nyasi ni mfugaji wa Mbarara na kibarua wa kiwanda cha maziwa.

5. HAPA KWETU

Sheria ya Oktoba 2018 ilikataza mifugo kuzurura, na ilianza kufuatwa mwaka 2021. Ng'ombe sasa hufugwa zizini. Mazao ya jirani yamepona, na mbolea haipotei. Lakini majani lazima yakatwe, na maji lazima yachotwe. Mchuma chai anayetoka shambani saa kumi anaanza kazi ya pili, na mara nyingi ni mkewe na watoto wanaoifanya. Kazi hiyo nayo imo ndani ya kila lita, ijapokuwa haiandikwi popote.

6. MSIMAMO WETU

Hatupingi kanuni. Tunadai mambo manne. Kwanza, kabla ya kanuni kuandikwa, wafugaji wadogo, wachuuzi, wafanyakazi wa viwanda na walaji wa mitaani waitwe mezani. Pili, chombo kipya kikilazimishwa, pawe na mkopo au muda wa kukinunua. Tatu, mama anayeuza maziwa mtaani afundishwe kwanza, asianze kwa kunyang'anywa bidoni. Nne, kituo cha kukusanyia kiwe cha ushirika, ili wenye ng'ombe waone vipimo na hesabu kwa macho yao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mtaani kwenu, bei ya lita ilipopanda mara ya mwisho, ni nani kati ya watu watano wa safari ya maziwa aliyepata nyongeza?

2. Mwenye duka akikatazwa kuuza maziwa mabichi kesho, watoto wa Bwiza watakunywa nini, na kwa bei gani?

3. Wenzetu wa mashamba ya chai na sisi wa viwandani tunaweza kununua na kuuziana maziwa kwa ushirika? Tuanze na lita ngapi, na nani ashike daftari?

Kila kikundi kiandike majibu na kuyaleta kwenye mkutano ujao. Umoja ni nguvu.