Pampu ya kumwagilia imegoma kuwaka? Kagua hivi kabla ya kumwita fundi



Mvua zikishakatika huku Ufipa, kilimo cha bondeni kinaanza, na nyanya, kabichi na vitunguu vyote vinasubiri pampu. Sasa pampu yenyewe imelala stoo tangu Novemba. Unavuta kamba mara ishirini, kimya! Miche inanyauka, na fundi yuko mjini Sumbawanga. Acha kuvuta kwa hasira, utakata kamba bure. Injini ya petroli inataka vitu vinne tu: mafuta, moto, hewa na mgandamizo. Kagua kwa mpangilio.

1. Swichi, koki na oili. Hakikisha swichi na koki ya mafuta vimefunguliwa. Pima oili pampu ikiwa imekaa sawa. Mashine nyingi hukata moto zenyewe oili ikipungua, au ukiiweka kwenye mteremko. Kwa hiyo isawazishie sehemu ya kukaa kwanza.

2. Petroli. Iliyokaa miezi kadhaa huchacha na kuacha gundi kwenye kabureta. Ikinuka kama vanishi, itoe yote, uweke mpya. Usiimwage shambani wala karibu na mto.

3. Plagi. Ifungue baada ya kuvuta kamba mara chache.
- Imelowa: injini imekunywa mafuta mengi. Ikaushe, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa bila plagi, kisha irudishe.
- Kavu kabisa: mafuta hayafiki. Nenda namba 4.
- Nyeusi kwa masizi: isugue, halafu kagua namba 5.

Kupima moto, funga koki, futa petroli iliyomwagika, kisha rudisha kofia ya plagi. Gusisha chuma cha plagi kwenye injini, mbali na tundu lake, uvute kamba. Usipoona cheche, jaribu plagi mpya.

4. Kabureta. Funga koki, fungua bakuli la chini, safisha uchafu. Tundu la jeti lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, taratibu, usilipanue.

5. Chujio la hewa. Sumbawanga tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Chujio likijaa vumbi, injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke. La karatasi likung'ute au ubadilishe.

Umemaliza yote na bado? Vuta kamba polepole. Ikija kilaini bila kukaza, mgandamizo umepotea. Huenda ni valvu au ringi za pistoni. Hapo ndipo mpe fundi, na umweleze ulichokwisha kagua ili usiuziwe kabureta usiyoihitaji.

Msimu ukiisha, usiihifadhi pampu na mafuta. Toa petroli yote kwenye tenki, kisha iwashe mpaka izime yenyewe. Dakika chache hizo zitakuokolea miche mwakani.