Kiungo Kinapofungua Programu ya Fedha: Ni Nani Aliyepokea?

Wasomaji wetu wa mpakani, somo la toleo hili linahusu jambo mnalolipitia kila siku bila kuliona: kinachotokea ndani ya simu pale mtu anapobonyeza kiungo, na programu ikafunguka yenyewe.

Kila anwani kamili ya intaneti huanza na neno linalofuatwa na nukta pacha. Mafundi huliita skimu, wala halina uhusiano na skimu za umwagiliaji. Skimu ya https hufungua ukurasa. Skimu ya tel hufungua sehemu ya kupigia simu, namba ikiwa imekwisha kuandikwa. Zaidi ya hizo, mtengenezaji wa programu anaruhusiwa kubuni yake, tuseme «mahindi», ili kila kiungo kinachoanza kwa neno hilo kifungue programu yake.

Tatizo ni kwamba jina hilo halina mwenyewe. Hakuna kinachomzuia mtu mwingine kuunda programu na kutangaza kwamba nayo inaitika kwa «mahindi». Simu ya Android ikikuta programu mbili zenye jina moja, kwa kawaida humtaka mwenye simu achague. Katika iPhone, haijulikani mapema ni ipi itakayopokea.

Tuchukue mfano wa mama anayekusanya mahindi Busia, upande wa Uganda, na kuyauza Kenya. Ametumiwa kwa WhatsApp programu ya «bei za soko», akaipakia. Siku ya pili anaingia katika akaunti yake ya biashara kupitia kivinjari. Seva inamtambua, kisha inarudisha msimbo wa kuingilia kwa kiungo cha «mahindi». Simu inauliza: ufungue kwa programu ipi? Nembo zimefanana, anabonyeza ya kwanza. Msimbo umekwenda kwa tapeli. Namba yake ya siri hakumtajia mtu, na onyo letu la siku zote alilitii kikamilifu.

Dawa ya kiufundi ipo. Tangu mwaka 2015 kuna kanuni inayoitaka programu halisi iandae siri yake kabla ya kuomba msimbo. Anayeuleta msimbo bila siri ile hukataliwa na seva. Mwaka huohuo Android na iPhone zilianza kukubali viungo vya https ambavyo mwenye tovuti mwenyewe huthibitisha ni programu gani ivipokee. Wenye kampuni ndogo za malipo na mizigo wawaulize mafundi wao kama hayo yamefanyika.

Wawaulize na jambo la pili. Kivinjari huziwekea kurasa ukuta kwa kutazama asili yake, yaani skimu, jina la tovuti na namba ya mlango. Ukurasa wa asili moja hauwezi kusoma majibu ya seva ya asili nyingine bila idhini ya seva hiyo. Programu nyingi za siku hizi ni mseto: ndani yake mna kurasa za tovuti zilizofungwa katika kivinjari kisichoonyesha anwani. Kwa kuwa kurasa hizo zimehifadhiwa simuni, seva huona asili isiyoizoea, na ukuta huzuia majibu. Fundi mwenye haraka huuona ukuta kuwa kero, akairuhusu kila asili pamoja na vitambulisho vya mteja. Hapo ukurasa wa tapeli uliofunguliwa ndani ya programu hiyohiyo unaweza kusoma yaliyokusudiwa mwenye akaunti peke yake.

Kwa mwananchi, twaomba machache. Usipakie programu iliyoletwa kwa ujumbe, hata na jamaa. Simu ikikuuliza ifungue kiungo cha fedha kwa programu ipi, nawe unajua unayo moja tu, rudi nyuma usichague. Ukurasa ukikuomba namba ya siri pasipo kuonyesha anwani, ufunge, uingie kwa njia uliyoizoea.

Na kama fedha zimekwisha kutoka, piga kwanza kwa mtoa huduma wako, kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na simu yenyewe. Watu wengi hufuta programu na ujumbe kwa hasira au kwa aibu kabla ya kuja kwetu. Tafadhali zima intaneti, usifute kitu. Ikiwa namba iliyopokea fedha ni ya ng'ambo ya mpaka, ieleze tangu mwanzo, ili wenzetu wa upande wa pili wajulishwe kabla fedha hazijatolewa kwa wakala.