Kwa Nini Maji ya Uroa Hupwa na Kujaa



Kijana mmoja wa darasa la kipaimara ametuuliza: ikiwa wataalamu wameeleza kila kitu kwa hesabu, Mungu amebakiwa na kazi gani? Tusimkemee. Swali lake lilisumbua Ulaya miaka zaidi ya 300 iliyopita, nasi tunaweza kulifuata kwa kutazama pwani ya Uroa.

Mama wa Uroa aendaye kwenye mwani au kutafuta pweza anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hufika kama mita 4. Siku za maji mafu hayaendi mbali. Wazee walijua haya bila kitabu. Lakini mwezi uko mbali: ni kamba gani inayoufunga na bahari?

Wasomi wengi wa Ulaya waliridhika na maneno ya wakubwa wa kale, hasa Aristotle. Mwaka 1609 Johannes Kepler, Mjerumani, aliandika kwamba mwezi huyavuta maji. Galileo Galilei wa Italia alimshangaa, akaona hayo ni mambo ya kitoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1632 alifundisha kwamba maji huyumba kwa mwendo wa dunia, kama maji katika chombo kinachosukumwa. Kwa hesabu hiyo yangejaa mara moja kwa siku. Mvuvi yeyote angemwambia ni mara mbili!

Na huyu ndiye Galileo aliyesema kweli kwamba dunia hulizunguka jua, akahukumiwa Roma mwaka 1633 na kulazimishwa kuikana kweli hiyo. Kosa lake la maji lilisahihishwa na waliopima. Kosa la waamuzi wake lilikuwa na hukumu ya kulilinda, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilikiri mwaka 1992 tu. Tusiwacheke Warumi, kwetu pia wapo wanaowanyamazisha vijana.

Mwaka 1687 Isaac Newton, Mwingereza, alionyesha kwamba nguvu inayoangusha nazi ndiyo inayoushika mwezi njiani mwake. Mwezi na jua vyote huvuta bahari. Vikiwa katika mstari mmoja, ni bamvua. Vikivuta kwa kukingamana, ni maji mafu. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku.

Newton alimwamini Mungu na kusoma sana Biblia, ingawa fundisho la Utatu hakulikubali. John Wilkins, mmoja wa walioanzisha chama cha wataalamu wa London mwaka 1660, akawa Askofu wa Chester mwaka 1668, katika Kanisa letu. Chama hicho kilikataa kupokea neno kwa sababu tu mkubwa amelisema.

Basi, kijana wetu, tukimweka Mungu pale tu tusipojua, kila ajuaye zaidi atampunguzia nafasi. Someni Zaburi ya 104: mtunzi anamsifu Mungu kwa mwezi, chemchemi, majani na mkate, mambo aliyoyajua vizuri.

Wenye jamaa Uroa watakaokwenda huko wachukue saa na daftari. Kwa siku 15 waandike saa ya maji kujaa na umbo la mwezi, kisha walete darasani tuyapime pamoja.